Fundi Misumari na Nusu ya Paa Iliyobaki

Ni mwaka sasa, mdogo wetu, tangu kifua kikubane ukanyamaza, wewe ambaye hata misumari mdomoni haikukuzuia kujibu.

Watu wa usharika walikuita Fundi Misumari. Ulipanda juu ya nyumba za watu na mdomo umejaa misumari. Mtu akikuuliza jambo kutoka chini ulijibu "mm", na kila mmoja aliichukua hiyo "mm" anavyotaka. Mkeo husema ndivyo mlivyooana: ulikuwa juu ya paa la baba yake, akakuuliza kama una nia naye ya kweli au unapoteza muda wake, ukasema "mm". Akaenda kumwambia mama yake ameposwa.

Siku za wiki ulifanya kazi ya kula. Jumamosi ilikuwa ya kikundi cha huduma cha usharika. Mlikwenda kwa wajane, kwa wagonjwa, kwa wazee wasio na mtu, mkaziba mapaa na kupaka kuta. Wengine waliimba. Wengine walijipaka rangi wao wenyewe zaidi ya ukuta. Wewe ulifanya kazi. Dada yako mkubwa, ambaye goti lake siku hizi linabishana hata na kizingiti, alikuja kushika ngazi na kukuchokoza.

"Mdogo wangu, ukifika mbinguni si utapumzika?"

"Inategemea, dada. Kama hakuvuji."

Na ulikuwa na namna yako ambayo mafundi wengine waliicheka. Kabla ya kugusa ngazi uliomba ruhusa, ukaingia chumbani kwa mwenye nyumba, ukafunga mlango na dirisha, ukalala chali kitandani kwake. Humo gizani kila tundu la paa lilijionyesha lenyewe. "Nalitazama kama anavyolitazama mwenyewe usiku," ulisema. Mabibi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mwanamume kitandani kwangu, mchana kweupe, na kanisa zima liko mlangoni!" Ulitoka hapo unajua pa kuanzia, na unajua pia mtu huyo analala vipi, ana shuka ngapi, na amesukumia wapi kitanda ili asilowe.

Siku moja tu hukulala.

Kikundi kilikuwa kimeelekezwa kwa Bibi Vitambaa, yule mjane anayeshona mazulia ya kufutia miguu kwa vipande vya nguo kuukuu. Mlango wa kijani, mliambiwa, nyuma ya mashine ya kusaga. Milango ya kijani nyuma ya mashine ya kusaga iko miwili, mmoja kila kichochoro, lakini watu wakishaanza kuimba nani anauliza njia? Mlikuta mlango umefungwa. Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu, akafurahi.

"Bibi atakuwa sokoni. Tumshtukize!"

"Lakini sijaingia ndani," ulisema.

"Fundi, paa lenyewe linaonekana limekwisha. Unataka kulala ili iweje?"

Wimbo ukaanza, nawe ukapanda. Jua linazama, paa jipya linang'aa juu ya nyumba ya Mzee Kufuli, mlinzi mstaafu anayefunga mlango wake kwa makufuli ya kutosha benki, na ambaye watu wa usharika aliwahi kuwafukuza mlangoni hapo hapo kwa rungu lake la kazi.

Mzee alikuwa kwa binti yake. Aliporudi aliipita nyumba yake, akafika mwisho wa kichochoro, akarudi, akamuuliza jirani, "Nyumba yangu mmeipeleka wapi?" Jumapili akaja kanisani kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akasimama mlangoni katikati ya matangazo.

"Nani kanivisha kofia bila kunipima kichwa? Nataka mabati yangu!"

"Mzee wangu," mchungaji akasema kwa upole, "yale yalikuwa yametoboka."

"Yalitoboka yakiwa yangu!"

Kanisa zima lilicheka. Dada yako alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Wewe hukucheka. Ulikuwa unamtazama Bibi Vitambaa kwenye benchi la nyuma, na yeye alikuwa anatazama mikono yake.

Baada ya ibada dada yako alimfuata Bibi nje amwombe radhi. Bibi akamwambia bila hasira, "Niliwasikia mnaimba. Nikasema wameanzia kwa jirani, watanifikia. Nilikuwa nimeshatoa vyombo nje."

Alikaa na vyombo vyake uani mpaka giza lilipoingia, akaanza kuvirudisha ndani kimoja kimoja. Ulipolisikia hilo hukula mchana ule.

Mabati ya kikundi yalikuwa yamekwisha. Mwenyekiti akasema kamati itakaa. Wewe ulisema mawingu yameshakaa. Ukakusanya masalio ya mabati kutoka uani kwako, ukaenda peke yako katikati ya wiki, bila wimbo. Safari hii uliingia ndani, ukalala kitandani kwa Bibi, ukaona. Ukaanza upande wa juu ya kitanda. Mvua ilikukuta hapo na hukushuka. Ulimaliza upande ule, ukafunika upande wa pili kwa turubai na kulifunga kamba pembe zote, Bibi akiwa chini anakulilia ushuke. Ulimjibu "mm".

Ulirudi nyumbani unatetemeka. "Baridi tu," ulimwambia mkeo. Baridi ikawa kikohozi, kikohozi kikawa homa, homa ikakupeleka hospitali, na kutoka hospitali tulikurudisha tumekubeba.

Mambo ya huku nyuma, Fundi, si mazuri. Kikundi hakikuvunjwa. Kiliyeyuka tu. Kila Jumamosi mmoja ana harusi, mwingine mgongo, mwingine mgeni. Wapo walionong'ona kwamba nyumba ile ina mkosi. Dada yako alimfuata mwenyekiti nyumbani kwake.

"Mwalimu, lile paa vipi?"

"Tuliombee kwanza, mama."

"Sawa. Ila unapofumba macho, Bibi analowa."

Mwalimu alimnunia, wakawa wanakaa mabenchi tofauti kama wachumba waliogombana.

Bibi Vitambaa naye akaacha kuja kanisani. Wengine walidhani amekasirika. Aliona haya. Alijiambia kwamba ni paa lake lililokuua, na sisi tukimtazama tunakuona wewe.

Na kwa mkeo, tuseme kweli, ilikuwa hivyo. Ngazi yako aliiingiza chumbani, akaisimamisha ukutani upande uliokuwa unalala, akatundika nguo zake kwenye vipago vyake vya kukanyagia. Akienda sokoni alizunguka mbali asipite karibu na mashine ya kusaga. Siku dada yako alipojaribu kuligusia jambo lile, mkeo aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea.

"Wifi, hiyo nyumba usinitajie. Angeisubiri kamati, leo angekuwa anakoroma humu ndani."

Dada yako, unamjua alivyo na mdomo. Siku ile alichukua kisu akaendelea kumenya.

Mvua za mwaka huu zilipoanza kunukia, turubai lako lilichanika kutoka pembe hadi pembe. Dada yako alikwenda kuona. Akafanya ulivyokuwa unafanya: alifunga dirisha, akalala chali kitandani kwa Bibi, goti likilalamika. Juu ya kitanda palikuwa giza safi, hata tundu la sindano hakuna. Upande wa pili aliona wingu zima likipita. Alipogeuza kichwa alimwona Bibi anafunga bunda la nguo.

"Nahama, mwanangu. Nikiondoka na nyie mtapumzika."

Nani alimshauri apite kwanza kwa mkeo kuaga, maana kuhama bila kuaga ni sawa na kukimbia? Usiulize, Fundi. Dada yako alikuwa amekaa pale kwa mkeo, anachambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa, Bibi alipobisha hodi.

Mkeo hakumkaribisha. Bibi alisimama mlangoni na bunda lake kichwani.

"Nimekuja kuaga, mwanangu. Nahama."

"Unahamia wapi?" mkeo akauliza.

"Kwa mtoto wa marehemu dada yangu."

"Amekuita?"

Bibi akaliweka sawa bunda. "Atanizoea."

Hapo ndipo harufu ilipomfikia mkeo, ile harufu ya nguo zilizolowa na kukaushwa nusu, zikalowa tena. Aliinuka akalishusha bunda kichwani kwa Bibi, akalifungua sakafuni. Kila kitu kilikuwa na ukungu: gauni la kanisani, shuka, mpaka vile vitambaa vya kushonea. Aliviosha vyote uani huku akivisugua kama vimemtukana. Wingu lilikuwa limetanda nje, kamba haikufaa. Basi akaingia chumbani, akazitoa nguo zake kwenye ngazi yako, akatundika za Bibi, kipago baada ya kipago, mpaka juu.

Bibi alilala pale usiku huo, kwenye kitanda chako. Walilia pamoja au hawakulia, hatujui. Dada yako alibana sikio mlangoni akasikia kukoroma tu, na hakutambua ni kwa nani.

Asubuhi nguo zilikuwa zimekauka. Mkeo alizikunja, akaziweka juu ya meza, akashika mwisho mmoja wa ngazi.

"Wifi, shika huko."

Walipita nayo mtaani, mkeo mbele, dada yako nyuma akichechemea, na Bibi akiwasafishia njia kama askari wa rais. Mwenye mashine ya kusaga alizima mashine walipokuwa wanapita. Waliiegemeza ukutani kwa Bibi. Mkeo alirudi nyuma hatua chache atazame juu, akauona upande uliomaliza wewe, misumari imenyooka mstari mmoja. Akaufuata ule mstari kwa kidole hewani mpaka pale ulipoishia. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha Bibi akalia kama siku ile tuliyokurudisha. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Basi habari ndiyo hiyo. Ngazi iko kwa Bibi. Mabati, watoto wako wameyanunua na kuyapeleka. Jumamosi hii, baada ya sala ya kukukumbuka, hatutakaa uani kwako kusifiana. Tutakuwa nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani, kichochoro cha pili, cha pili, jamani. Wa kushika ngazi yupo. Wa kupanda bado hatuna. Hayo tunakuambia wewe, Fundi. Anayesoma hapa na ana magoti mazima asidhani tunamsema yeye.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda. Na wanao, wa kike na wa kiume. Na dada yako mkubwa. Na kaka yako aliye mbali, ambaye basi lilimharibikia njiani hakukuwahi. Na mashemeji, na wapwa zako wote. Unakumbukwa pia na Bibi Vitambaa. Jina lake hatukuliweka hapa sisi. Mkeo ndiye aliyesema aandikwe, na aandikwe pamoja na ndugu.

Kwa jua na kwa mvua, Fundi, hatukusahau.