Mita Tano za Bure

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia, na kwamba shangazi hajambo na miguu yake haimsumbui tena. Sisi huku wazima. Mama bado anashona mpaka mgongo unamlilia, baba bado anatuzimia taa tukiwa katikati ya ukurasa, na kitanda chako bado ni chako, ingawa nimeweka helmeti yangu ya baiskeli juu yake.

Najua utashangaa kupata kurasa zote hizi kutoka kwa mtu ambaye kwenye simu husema "ee" na "haya" tu. Kwa simu siwezi. Nikiyasikia haya kwa sauti yangu mwenyewe nitakata. Kwa hiyo kaa chini, usome mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Kinara unamkumbuka, hata ukijifanya umemsahau. Miaka mitatu imepita tangu mchujo ule wa triathloni, kuogelea, baiskeli na mbio, pale ziwani, ulipotoka majini wa mwisho baada ya kumwambia kila mtu kwamba mita mia saba na hamsini unaziogelea kwa dakika kumi na mbili. Kinara, katoto ka miaka kumi na minne, kakasimama mbele ya timu nzima, kakauliza kama hizo dakika kumi na mbili uliziogelea kwenye karai la kufulia. Wakacheka. Wewe ukasema saa haiwezi kukudanganya, wakacheka zaidi. Ukawa Dada Karai, na muhula haujaisha ukahamia kwa shangazi. Uliniambia umesamehe. Mimi sikusema kitu, unavyonijua, lakini sikusamehe. Nilimweka kiporo.

Sasa mwaka huu akanijia mwenyewe. Baba yake alikuwa amekubali kumnunulia saa ya GPS ya mazoezi, inayopima mwendo kwa setilaiti, na mchujo ulikuwa umekaribia, nafasi ya msichana ikiwa moja tu. Akanishika bega kama rafiki yangu wa kuzaliwa naye. Akasema, Kimya, wewe lugha zote mbili, yetu na ya kigeni, zinakutii, unasoma mpaka yale maandishi ya chini yasiyosomwa na mtu, basi nichagulie, mimi nikiingia kwenye hizo kurasa kichwa kinauma. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa naruka.

Wiki nzima nilisoma habari za saa. Mwishoni zilibaki tatu. Ya kwanza ilikuwa rahisi, inajua kuhesabu hatua na kupima mbio tu, ikiingia majini ni kwaheri. Ya pili ilikuwa na ramani ya rangi na mbwembwe nyingi, lakini ukiendesha baiskeli nusu siku inakufa mkononi. Ya tatu inadaka setilaiti kabla hujafunga kamba za viatu, chaji inakaa siku kadhaa, na kitufe kimoja tu kinakutoa kwenye kuogelea kwenda kwenye baiskeli, kutoka baiskeli kwenda kukimbia. Nilikusudia kumpa ile ya kwanza aharibikiwe mbele ya watu. Kisha nikajiuliza, ikiharibika si atairudisha dukani kesho yake? Saa mbovu haiaminiki. Mimi nilitaka aiamini. Nikamchagulia iliyo bora kuliko zote, na nikamweleza kwa nini, kwa ukweli kabisa. Kocha mwenyewe alinisifu.

Ilipofika akanipa niitengeneze, yeye akikaa pembeni anasuka nywele. Nikaingiza umri, uzito, mkono wa kuvalia. Halafu nikafika kwenye kuogelea. Saa hizi, Dada, zikiwa bwawani hazina haja na setilaiti. Zinahisi unapogeuka ukutani, na kila ukigeuka zinakuongezea urefu wa bwawa ulioziambia wewe. Bwawa letu ni mita ishirini, imeandikwa ukutani kwa rangi nyeupe. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kuandika ishirini na tano. Nikakuta ndiyo iliyomo, imetoka nayo kiwandani. Nikaona hata mtengenezaji yuko upande wangu. Nikabonyeza kukubali, nikamfungia mkononi.

Kuanzia hapo kila ukuta ulimpa mita tano za bure. Hesabu hakuna anayeifanya kichwani siku hizi, na kocha ana saa moja ya kushika na watoto ishirini. Kinara akiogelea mita mia sita, saa inamtetemekea mkononi kumpongeza kwamba amemaliza mia saba na hamsini. Alikuwa anaruka kutoka majini akipiga kelele, dakika kumi na moja, dakika kumi na moja jamani! Mimi nilikuwa nacheka ndani ya taulo. Siku moja akaninunulia soda ya shukrani. Nilikunywa yote, na ilikuwa tamu.

Siku ya mchujo, ziwa halina ukuta. Kuna maboya tu, na mita mia saba na hamsini za kweli. Akatoka kwa kasi ya mtu wa mia sita, akatuacha mbali. Nilipofika boya la mwisho nikamkuta amelikumbatia kama mtoto aliyeng'ang'ania mguu wa mama yake, midomo imebadilika rangi. Tukatazamana. Ningeweza kuinua mkono kuita mashua. Sikuinua. Watu wa mashua walimwona wenyewe baadaye, wakamvuta. Hakudhurika, ila ukitolewa na mashua umeondolewa. Mimi nikapanda baiskeli, nikakimbia, nikachukua nafasi. Nilipokanyaga mstari nilikutaja wewe kimoyomoyo, na sikudanganyi, utamu wake sijapata kuuonja tena.

Ulidumu kama dakika tano. Kinara alikuwa amekaa chini, taulo bado mabegani, anamwambia kocha kwamba mazoezini alikuwa anamaliza kwa dakika kumi na moja. Mmoja wa timu akamuuliza kwa sauti kama alikuwa anafanyia kwenye karai. Utani wake mwenyewe, ukamrudia. Watu wakacheka. Akasema saa haiwezi kumdanganya. Dada, ni maneno yako yale yale, na kidevu kilimtetemeka vile vile kama chako.

Nikaenda nyumbani moja kwa moja. Saa yako ya zamani, ile uliyopewa na shangazi, bado ilikuwa kwenye droo ya nyuzi za mama. Nikaichaji, nikafungua upande wa kuogelea. Ishirini na tano.

Sasa hili ndilo nililokosa ulimi wa kukuambia. Saa ile hukuitengeneza wewe. Ulinipa mimi kijitabu, kwa sababu kilikuwa kwa lugha ile nyingine, ukawaambia rafiki zako kwamba mdogo wako ndiye mtaalamu. Ukurasa wa kuogelea ulinishinda. Niliusoma mara mbili sikuelewa, nikaona haya kukuambia. Nikaruka, nikasema tayari. Miaka mitatu nimemweka Kinara kiporo, kumbe karai nilikuletea mimi.

Na kuna kingine. Nimepiga hesabu. Dakika zako kumi na mbili zilikuwa za mita mia sita. Kwa mwendo huo, mia saba na hamsini ni dakika kumi na tano. Mimi niliyeshinda nimetoka majini kwa kumi na sita. Siku ile ulijiua kufukuza dakika kumi na mbili ambazo hazikuwapo. Ungekwenda mwendo wako tu, ungepita, na Kinara angekosa la kusema.

Jumatatu nitamwambia kocha kila kitu na nafasi nitaiacha. Kinara nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, Mungu anipe sauti. Bado simpendi. Mdomo wake ni ule ule. Lakini nikilala namwona pale kwenye boya, na mkono wangu umebaki majini.

Saa yako nimeifunga pamoja na barua hii. Nimeiandika ishirini, lakini usiniamini mimi. Ukienda bwawa la huko, uliza kwanza urefu wake, uingize kwa mkono wako, kisha uogelee.

Mama anakusalimu, anasema utume vipimo vya gauni. Baba anasema uzime taa. Msalimie shangazi, na ukiweza kunijibu, hata kwa matusi, nijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya