Gia Iko Mguu wa Kulia

Jumamosi. Mvua imenyesha Malaba tangu asubuhi. Malori yamejipanga kutoka mpakani hadi sijui wapi, madereva wamelala ndani, na mataniboi, wasaidizi wao, wanachemsha chai chini ya trela. Siku ya namna hii kazi yangu ya kupitisha mizigo forodhani hulala pia, na kwa kawaida ningekuwa stoo na pikipiki zangu, mikono imejaa grisi, nikipiga mluzi. Leo sijaingia huko.

Shajara yangu, leo nina aibu. Naandika hivyo mapema, nisije nikazunguka.

Wanaosoma ukurasa huu mtandaoni wanakumbuka picha niliyoweka mwezi uliopita: ile nyekundu ya Kitaliano ikitoka getini kwangu, mmiliki wake mpya ameishika usukani kama bwana harusi. Niliandika kwa majivuno kwamba hatimaye imepata mtu wa kuipenda. Mkanipongeza. Nilimjibu kila mmoja, hata wale walioweka kidole gumba tu.

Mtu huyo ni Mzee Omuse, mkulima wa upande wa Kocholia. Ni katekista pia. Padri ana makanisa mengi na hafiki kila mahali, kwa hiyo Jumapili Mzee Omuse ndiye huzunguka kwenye vikanisa vya ndani kuongoza sala. Alipokuwa mtoto, padri mmoja wa Kitaliano alikuwa akipita kwao na pikipiki hiyohiyo kuelekea Angurai, na wao watoto wakiikimbilia nyuma kwenye vumbi. Alipoiona stoo kwangu alivua kofia. Nilifurahi sana, nikajiambia huyu ndiye.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasiozijua mashine hizi. Pikipiki zote unazoziona hapa mjini, za bodaboda na za watu binafsi, gia iko mguu wa kushoto na breki mguu wa kulia. Hizi za Kitaliano za zamani ni kinyume. Gia iko kulia, breki kushoto. Vijana wa steji ya bodaboda wananiita Mtaliano, na mchezo wangu ulikuwa kumpa mmoja wao ajaribu. Anaondoka vizuri, anataka kusimama, anakanyaga kulia, mashine inaunguruma badala ya kusimama. Tulikuwa tukicheka mpaka machozi. Nilikipenda kile kicheko kwa sababu kilinifanya nionekane mtu wa pekee.

Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe ilinichukua muda mrefu. Barabarani unazoea haraka, lakini siku unaposhtuka mguu haukuulizi. Unakwenda ulikozoea. Mbwa alinikatiza njiani, mguu wangu ukaenda kulia, nikaingia matopeni pamoja na mashine. Nyumbani nilisema niliteleza.

Siku ya kununua, Mzee Omuse aliizungusha uwanjani kwangu polepole, kisha akasimama akaitazama miguu yake.

"Boss, hii itanichanganya. Mimi nimezoea ile ya kijana yangu."

"Utazoea, mzee," nikamwambia. "Kabla ufike Kocholia utakuwa umesahau ile ingine."

Nilijua ni uongo. Kabla yake alikuja jamaa mmoja wa Mundika, nikamweleza ukweli wote, pamoja na kuanguka kwangu. Akasema hiyo si pikipiki, hiyo ni jeneza, akaenda zake. Basi nikajifunza kusema kidogo. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na mke wangu alikuwa ameshaniambia kwamba mahindi yake hayatalala nje kwa ajili ya vyuma vyangu.

Bado sijasema lililo baya zaidi.

Pikipiki ile niliitoa kwenye zizi la mwalimu mmoja mstaafu kule Angurai, kuku wakilalia tangi. Chini ya injini ilikuwa na vyuma viwili vilivyoundwa na kufungwa na fundi fulani wa misheni. Kimoja kilihamisha gia kwenda mguu wa kushoto, kingine kikaleta breki kulia, ili mtu wa hapa aiendeshe bila kujifunza upya. Vilikuwa vibaya kutazama, lakini vilifanya kazi. Mimi nikavifungua. Nilitaka mashine iwe kama ilivyotoka kiwandani. Nimetengeneza kabureta ile kwa mikono yangu, nimekata gasketi kwa kadibodi, waya wa klachi ni wa breki ya baiskeli, na hayo yote sikuyaona kuwa kasoro. Ila vile vyuma viliniudhi, kwa sababu wenye mashine kama hizi huko mbali wangeviona kwenye picha wakacheka.

Sikuvitupa. Vinaning'inia msumarini, ukutani. Siku ile Mzee Omuse alisimama karibu navyo wakati nikimwonyesha jinsi ya kusafisha pointi, zile zinazotoa cheche. Niliviona. Nikawaza, nikimpa huyu mzee atavifunga tena, ataniharibia pikipiki yangu.

Yangu! Na nilikuwa nimeshamuuzia.

Jumatano ya wiki iliyopita alikuwa anatoka kwenye sala ya katikati ya wiki, anateremka mlima, ndama akakatiza. Akakanyaga kwa mguu wa kulia kwa nguvu zake zote. Mashine haikusimama, ikampeleka mtaroni, ikamvunja mguu juu kidogo ya kifundo. Nilipigiwa simu siku ileile. Nikasema pole, nikasema nina mizigo mingi mpakani, nitafika. Mizigo haikuwa mingi.

Leo ndipo nimeenda, kwenye bodaboda, mvua ikinipiga usoni. Nilimkuta amekaa mlangoni, mguu wenye plasta umewekwa juu ya jerikeni. Kabla sijafungua mdomo yeye ndiye aliyenipa pole.

"Pole, boss. Nimeharibu kitu yako ya maana. Hii miguu imezeeka, haisikii tena."

Mkewe akaongeza kutoka ndani, "Mimi nilimwambia hiyo ni mambo ya wazungu. Sasa pikipiki imeisha hapa. Hata ya kijana hagusi."

Amemficha viatu. Kanisani nako wameshaanza kutafuta mtu mwenye umri mdogo wa kuzunguka kwenye vikanisa, kwa sababu mzee ambaye anashindwa na ndama mchana kweupe, kwenye barabara tupu, amechoka. Ndivyo vijana walivyosema Jumapili, na watu wakacheka. Mzee Omuse alinisimulia hayo huku naye akicheka, lakini alikuwa anatazama chini. Kazi hiyo ndiyo anayoamkia.

Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa wazi kabisa.

Nikasema, "Usijali mzee, ni mambo ya kawaida."

Yaani nilimsamehe. Mimi nilimsamehe yeye.

Na haikuishia hapo. Nilipoaga, mkewe alimfunga kuku miguu akanipa, kwa ajili ya usumbufu wa njia na kwa ajili ya pikipiki yangu iliyopinda. Ningeweza kukataa, ingawa kwetu kukataa kuku wa mgeni ni matusi. Nikajificha nyuma ya desturi hiyo. Nilimpakata yule kuku kwenye bodaboda hadi Malaba, na kila tuliporuka shimo alilia.

Nafula, mke wangu, alikuwa anachambua maharagwe. Akauliza kuku ametoka wapi. Nilianza kumdanganya, kisha nikaacha, nikamwambia yote, mpaka vyuma vya msumarini. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Baba yako angeuza ng'ombe hivyo?" akauliza, akaendelea na maharagwe yake.

Baba alikuwa mtu wa soko la mifugo. Hakumkabidhi mtu kamba kabla hajataja tabia zote za ng'ombe, mbele ya mashahidi: huyu anapiga teke ukianza kumkamua upande wa kushoto, huyu anaruka ua, huyu anaogopa mwavuli. Mara nyingine mnunuzi aliondoka, tukarudi nyumbani na ng'ombe wetu, miguu ikituuma, nami nikinung'unika njia nzima. Alisema mtu akinunua ng'ombe bila tabia zake, umemuuzia ng'ombe nusu. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Niliyasikia maneno hayo mara ngapi sijui.

Jioni nikapiga simu Kocholia. Nilimweleza Mzee Omuse kila kitu, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Kisha akauliza, polepole, "Kwa hivyo si miguu?"

"Si miguu, mzee. Hata mimi ilinitupa."

"Na hizo vyuma unazo?"

"Ninazo."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilishajua nitajibu nini.

"Mimi nimekusamehe, hiyo ni rahisi," akasema. "Lakini watu wamenicheka. Kesho kuja kanisani, uwaambie wao. Si kwa simu."

Akakata.

Kwa hiyo nimekaa hapa na simu mkononi. Nafula amenipigia pasi shati jeupe, bila kuniuliza kama nitaenda, na sasa yuko jikoni anamlisha kuku wa watu, maana amesema hachinjwi katika nyumba hii, kesho anarudi kwao pamoja nami.

Nimejaribu kuandika nitakachosema kesho. Nimefuta mara nyingi. Kila nikianza najikuta naeleza historia ya pikipiki: kiwanda, mwaka, yule padri, na jinsi nilivyoikuta zizini. Maneno mazuri, wangenisikiliza. Mtaliano tena.

Hawahitaji historia. Wanahitaji kujua kwamba siku ile mzee wao alimwona ndama mapema, akakanyaga kwa wakati, kwa mguu ule ambao kila mtu hapa angekanyagia. Breki ilikuwa hapo zamani. Mimi ndiye niliyeiondoa.

Kesho ni Jumapili. Nitasimama, nitasema hilo tu, kisha nitakaa.