Utani Wangu Wameugeuza Ushahidi

Mnyamwezi wangu, mla michembe, viazi vyenu vya kukausha,

Usingoje nikuamkie. Shikamoo yangu hukuipata ukiwa hai, utaipatia kaburini? Nimekuja na neno la ofisini, na si zuri.

Lile lalamiko lako wanataka kulifunga. Walisema ulikutwa umelewa kwenye usukani, kumbe kosa lako ni kukataa kubeba asali ya bosi kwa gari la serikali. Wewe, ambaye hata togwa ulikuwa unainusa kwanza! Wakakunyang'anya gari, wakakuweka getini kuwa mlinzi, ukafa na jina la mlevi. Mkeo hataki kingine, anataka jina lako lisafishwe. Hata kanisani wanamtazama kwa pembeni.

Sasa sikia. Siku ya mazishi yako kule Tura nilifanya kazi yangu ya mtani. Mzaramo akinyamaza kwenye msiba wa Mnyamwezi, wafiwa atawachekesha nani? Nikalala njiani mbele ya jeneza, nikapiga kelele: "Huyu hana kesi tena na mtu! Kamsamehe hata bosi, maadamu kapata pa kulala mchana!" Watu wakacheka. Mkeo akacheka na machozi yake. Bosi, aliyetoka Tabora mjini kuja kutuonyesha huzuni, alicheka kuliko wote.

Juzi kamati ya malalamiko ikaniita. Afisa utumishi, kijana mpole, mpole wa kutilia shaka, akanipokea: "Shikamoo babu, karibu soda." Soda ya serikali, kwa dereva mstaafu? Sikuigusa. Mara akaniuliza: "Babu, si wewe uliyetamka mbele ya wafiwa kwamba marehemu alisamehe?" Bosi pembeni anaitikia kwa kichwa taratibu, utadhani mchungaji.

Yaani utani wa msibani, ndugu yangu! Wanataka kukuzika nao mara ya pili.

Nikamgeukia bosi. "Mheshimiwa, siku ile ulicheka mpaka ukashika mbavu. Tangu lini mtu akauchekea ushahidi?" Mwenyekiti, mama wa makamo ambaye kwao nako wana watani, akainamisha uso, kicheko kinamtikisa mabega. Bosi safari hii hakucheka.

Wameahirisha. Wanasema watawaita wale waliodai walikunusa pombe, halafu mimi "tutakuita, babu." Tutakuita! Mimi neno hilo nalijua, lina miguu ya kobe. Kwa hiyo kila asubuhi nahamia getini, kwenye benchi lako, wanione wakiingia, wanione wakitoka. Mlinzi mpya ananiuliza, "Babu, una shida gani?" Namwambia nina lalamiko la marehemu. Ananikimbia.

Asubuhi pale getini kuna baridi, wewe. Hukuniambia.

Basi lala. Jina lako litatoka ofisini mle halinuki kitu, nakuahidi, hata wakinichoka wakaniita mwendawazimu. Na siku nikija huko usijifanye mwungwana ukasogea kando kunipisha. Nitakulalia hapohapo ulipo.

Mzaramo wako