Titi la Kushoto

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tangu asubuhi. Malori ya saruji yamepanga foleni kutoka darajani mpaka juu kilimani, madereva wananipigia honi kana kwamba mimi ndiye forodha yenyewe. Nimepitisha nyaraka za magari kama kawaida. Wakala wa forodha hana siku ya kuumwa. Nimevaa sweta siku nzima, na hapa mpakani Rusumo leo kulikuwa na joto la mvuke. Chini ya sweta kuna kitambaa. Chini ya kitambaa kuna kidonda. Kidonda kiko kwenye titi. Mwanaume mzima, najifunga kitambaa kama mama anayenyonyesha.

Wenzangu wameuliza kama nina homa. Nimesema ndiyo.

Jumatano, 5 Februari

Anatolia ameona. Alikuwa anafua, akakuta shati lina damu na usaha. Mke wangu hapigi kelele. Huuliza mara moja, kisha husubiri. Nikafungua vifungo. Alifunika mdomo kwa kanga.

Alitaka kujua kwa nini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilichekwa. Mwaka juzi, uvimbe ukiwa kama punje ya harage, nilikwenda kwa Daktari Egidi, kwenye zahanati yake binafsi. Hakunigusa. Alisema, "Mzee Leonidi, hayo ni mafuta tu. Au unataka kunyonyesha?" Nesi akacheka. Wagonjwa waliokuwa mlangoni wakacheka. Nami nikacheka. Nikapewa vidonge vya maumivu. Uvimbe ulipokua nilirudi, akasema yaleyale bila kuinua macho. Mara ya tatu sikwenda.

Anatolia ameamua. Tunakwenda Mwanza.

Jumanne, 18 Februari

Hospitali ya rufaa. Benchi la kliniki ya matiti, wanawake tu. Nilikaa mwisho kabisa. Mama mmoja wa Kisukuma alimwambia Anatolia, "Pole, mwanangu. Mungu atakuponya." Anatolia akaitika, "Asante, mama." Aliubeba ugonjwa wangu pale mbele ya watu, nami nikamwachia. Nilitazama sakafu.

Nesi akatoka, akaita Leonidi. Akaita tena. Nikasimama. Benchi zima likageuka. Afadhali ningeitwa kwa ugonjwa wowote mwingine.

Wamechukua kinyama cha kupima.

Ijumaa, 28 Februari

Saratani. Ya titi. Daktari bingwa ni mwanamke, ameeleza bila kutabasamu. Wanaume nao wana titi, wachache huugua. Yangu imeshaingia kwapani. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningeletwa mwaka juzi.

"Mzee, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Sikulia. Aibu ilikuja kwanza, hofu ikafuata. Hata kwa hilo naona aibu.

Jumamosi, 15 Machi

Wamelikata. Kushoto pako bapa. Mshono unafika kwapani, mkono haunyanyuki. Nimemwambia Anatolia awaambie watu ni upasuaji wa kifua. Jumuiya ya kanisani imetuma salamu. Wanaombea mapafu yangu.

Jumapili, 30 Machi

Murukulazo, kanisani kwetu. Ibada ya kwanza tangu nirudi. Daktari Egidi alinifuata nje ya kanisa, akanipa mkono. "Pole na mapafu, Mzee Leonidi." Sijui kama anajua. Nilimwambia asante. Nilimwambia asante!

Anatolia aligeuka akaenda zake. Nyumbani akasema yule mtu lazima ashtakiwe. Nikamwambia akishtakiwa, wilaya nzima itajua ninaumwa nini.

"Bora wajue ukiwa hai," akasema.

Alhamisi, 10 Aprili

Biharamulo. Msaada wa kisheria hata Ngara upo, lakini Ngara wananijua. Nimelala Nyabusozi kwa dada yangu, nikamwambia nimefuata mahindi. Uongo unanitoka kirahisi siku hizi.

Mwanasheria ni binti, rika la mwanangu Faustini. Anaitwa Jesca. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, halafu ikabidi nimsimulie habari za titi langu. Jasho lilinitoka.

Njia ziko tatu. Naweza kulalamika kwa mganga mkuu wa wilaya, aunde kamati ichunguze. Naweza kupeleka malalamiko kwa baraza linalosimamia madaktari. Hilo linaweza kumwonya au hata kumfutia leseni, ila fidia si kazi yake. Au nifungue kesi ya madai kwa uzembe. Hapo sheria hainingoji, miaka mitatu ikipita mlango umefungwa. Na mzigo wa kuthibitisha ni wangu: kwamba daktari makini angenipima au kunipa rufaa, na kwamba kuchelewa ndiko kulikoniumiza. Bingwa lazima aje atoe ushahidi. Jesca anasema daktari kukosea peke yake si uzembe, maana hata makini hukosea. Kutomgusa mgonjwa kabisa ni habari nyingine.

Nikauliza kama mahakamani huingia watu. Huingia yeyote.

Nikachukua kofia yangu. Nikasema nitafikiri. Sikuwa na nia ya kufikiri.

Alhamisi, 24 Aprili

Anatolia amerudi kutoka kisimani na habari. Konsolata, jirani yetu, ana uvimbe kwenye titi. Amekwenda kwa Egidi. Kaambiwa ni mafuta.

Anatolia hakumwambia kitu, kwa sababu nilimkataza kusema. Alisimama mlangoni akinitazama. Ndoo bado kichwani.

Nikamwambia amwambie. Aende Mwanza upesi.

"Nimwambie kilichokupata? Ugonjwa kwa jina lake?"

Kwa jina lake.

Alitua ndoo akatoka. Nikabaki ndani kama mtu aliyevuliwa nguo. Halafu nikampigia Jesca, kabla sijabadili nia.

Jumatano, 21 Mei

Kamati wilayani. Madaktari wawili, muuguzi mkuu, mwandishi. Jesca kando yangu. Daktari Egidi alivaa suti. Majibu alikuwa nayo. Kwamba sikusema ninaumia. Kwamba sikurudi mara ya tatu. Mwisho akasema, "Na yeye mwenyewe alikuwa anacheka."

Hilo lilinichoma kuliko kisu cha Mwanza. Kwa kuwa ni kweli. Mwenyekiti akauliza kama nilicheka. Nikasema nilicheka. Kwa nini? Jesca alitaka kunisemea, nikamzuia.

"Nilikuwa na titi bovu mbele ya watu," nikasema. "Ningefanya nini kingine?"

Mwenyekiti akamuuliza Egidi kama aliushika ule uvimbe. Akaanza kueleza wagonjwa walivyokuwa wengi. Akaulizwa tena. Akasema hapana.

Nilidhani ningefurahi. Nilimwona anatazama chini, shingo imelegea, nikaijua ile hali. Sikumwonea huruma. Lakini sikufurahi.

Ijumaa, 6 Juni

Jesca amepiga simu. Kamati imelipeleka jambo kwenye baraza la madaktari, na Egidi haoni wagonjwa mpaka liamuliwe. Kesi ya madai anaiandaa. Bingwa wa Mwanza amekubali kutoa ushahidi. Nisitegemee haraka, kasema, na nisitegemee kushinda kwa sababu tu nimeumia.

Rusumo wanajua wote. Leo pale kwenye mzani kijana mmoja wa malori ameniita Mama Leonidi. Wakacheka. Safari hii mimi sikucheka. Nilipita. Imeniuma mpaka nyumbani.

Konsolata naye ana majibu. Wake kweli ni mafuta. Anatolia alipiga vigelegele. Nami nilifurahi, lakini nilichelewa kidogo, maana wazo la kwanza lilikuwa kwamba uvimbe wake ungekuwa saratani, ungenisaidia kwenye kesi. Hilo sitamwambia mtu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimekwenda kwa baba. Macho yamemwishia, masikio yapo. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa wapita njia. Kiswahili kilinishinda, nikasema kwa Kihangaza. Ibere, yaani titi. Nimekatwa ibere, baba.

Akauliza upande gani. Nikamwambia.

Kisha akaniambia kwamba baba yake, babu yangu, alikuwa na kidonda mahali hapohapo. Kilimla mpaka mfupani. Walisema karogwa, wakamweka nyumba ya nyuma, watoto wakakatazwa kuuliza. Baba ndiye aliyemwosha alipokufa. Hakumwambia mtu yeyote, hata mama.

"Niliona haya kwa ajili yake," akasema.

Nimerudi kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu, watu wanaanika maharage. Nimempigia Faustini, Kahama. Nimemweleza yote, na la babu yangu pia.

"Baba," akasema, "najishika vipi?"

Nikamwelekeza. Taratibu, kwa ncha za vidole. Chini ya chuchu, kisha kwenda kwapani.