Rimoti Aliyoichagua Mama Jasbir

Ndugu yangu Gurdev,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Malukhu, hapa Mbale, mvua inapiga bati. Najua ungenicheka. "Utabandika stempu gani, Mafabi?" Hivyo ndivyo ungeniuliza.

Siku tuliyomwaga majivu yako mtoni pale Jinja, nilipanda gari nikarudi Mbale, nikajiambia basi, yameisha. Ningerudi Jinja kufanya nini? Duka lako la vyuma lilikuwa limefungwa. Na kile chumba cha juu, chenye meza yako ya treni ndogo na stesheni za njia yetu kuanzia Jinja, sikutaka kukiona bila wewe kuinama pale ukiunga waya na kuwatukana waliotengeneza risasi ya kulehemu.

Kisha binti yako Jasbir akapiga simu kwa jirani yangu, akaniita. Alikuwa bado hajarudi Uingereza. "Chacha," alisema, maana tangu utoto ananiita baba mdogo kwa lugha yenu, "tafadhali njoo. Nimekuja na rimoti mbili za treni. Baba aliniomba moja, lakini hakusema ipi."

Hukumwambia kwa sababu tulikuwa hatujamaliza kubishana. Ulipoamua treni zako ziwe za dijitali, kila injini na chipu yake na namba yake, ili mbili zitembee kwenye reli moja bila moja kuifuata nyingine kama kondoo, nilikuunga mkono. Tulikubaliana hata rimoti iwe ya waya. "Isiyo na waya itapotea kama miwani yangu," ulisema, na miwani ilikuwa juu ya kilemba chako. Tulibishania namna mkono utakavyoiendesha. Wewe, fundi wa zamani wa karakana ya reli, ulitaka yenye vitufe vingi na kioo kidogo, uiite injini yoyote kwa namba, uwashe taa, upange safari zote. Mimi niliyeendesha treni za kweli mpaka wakanistaafisha nilitaka ile yenye gurudumu dogo la kuzungusha kwa kidole gumba, kama unaongeza sauti ya redio.

"Wewe unataka kuendesha tu," uliniambia.

"Na wewe unataka kuwa stesheni masta wa Uganda nzima."

Mama Jasbir akatuita mezani kabla malewa niliyoleta kutoka Mbale hayajapoa. Ulikula yale machipukizi ya mianzi kama mtu aliyezaliwa mlimani kwetu, na rimoti tukaiacha hapo. Sikujua kwamba tumeiacha kabisa.

Basi nikaenda. Jasbir alinifungulia chumba, akasema kwa sauti ya chini, "Mama hajaingia humu tangu baba afe. Anataka kupangisha nyumba nzima. Kama hakuna wa kuzitumia treni, meza itavunjwa." Kule Uingereza dukani walikuwa wamekubali kurudishiwa rimoti moja. Kazi yangu ilikuwa kuchagua.

Nikaanza na yako. Gurdev, ni kifaa kizuri, sikatai. Lakini kila nilipotafuta kitufe niliinamisha macho, na nilipoyainua, treni ya mizigo ilikuwa imeigonga ya abiria hapo Busembatia, mabehewa yamelala ubavu kwenye nyasi zako za unga wa mbao.

Nikayarudisha relini, nikachukua ya pili. Ilikaa kiganjani. Kidole kilijua kazi yake chenyewe, macho yakabaki kwenye reli. Waya ulipokaza niliuchomoa ili nikauchomeke upande wa pili wa meza, na treni haikusimama, kwani chipu yake inashika amri ya mwisho. Ilivuka daraja la Jinja yenyewe, kwa mwendo uleule niliouacha, bila mkono wa mtu. Nilisimama na waya wangu nikiitazama.

Hata hivyo nilimwambia Jasbir abakize ya vitufe. Ndiyo, yako. Meza ni yako, na niliona si haki mtu ashindwe mabishano wakati hayupo kujibu.

Ndipo nikamwona Mama Jasbir mlangoni. Alikuwa amesikia mabehewa yakianguka, akadhani nimeanguka mimi. "Mbona hamjaniuliza?" alisema. Akaingia. Akashika rimoti yako, akabonyeza. Unajua vidole vyake, jinsi baridi yabisi ilivyovipinda. Vilibonyeza vitufe viwili pamoja, na treni haikwenda popote. Akaiweka chini taratibu. Akachukua ile nyingine, akasukuma gurudumu kwa kidole gumba, na treni ya abiria ikatoka Jinja.

"Hii," alisema. "Hii naiweza."

Halafu, bila kunitazama: "Miaka yote hiyo, shemeji, hakuniachia niendeshe hata mara moja. Alisema nitaiangusha."

Alikuwa analia na anaendesha, wala hakuiachia. Jasbir alimshika bega. Mimi sikujua la kufanya, basi nikaita vituo kwa sauti kama zamani: Iganga. Busembatia. Tororo.

Kwa hiyo usinilaumu mimi. Mimi nilikupigia kura. Aliyekushinda ni mke wako.

Sasa amepangisha duka la chini tu, chumba cha juu amebaki nacho. Jasbir amerudi Uingereza na rimoti yako. Kila Jumamosi nakwenda Jinja, na Mama Jasbir ananisubiri na chai, ila chai yenyewe tunainywa imepoa kwa sababu anataka kwanza treni ya asubuhi ipite. Wiki iliyopita alicheka. Nilitaka ulijue hilo kuliko yote.

Upande wa Mbale wa meza uliuacha ubao mtupu. Nimeanza kujenga stesheni yetu, paa nimelikata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Nakwenda kusimama mbele ya stesheni ya kweli kuhesabu madirisha, na watu wanadhani nataka kuinunua.

Pumzika, ndugu yangu. Nakukosa sana, hasa ninapokuwa na hoja nzuri na hakuna wa kuibishia. Nakuahidi stesheni ya Mbale itakamilika, na reli zitafutwa vumbi kila wiki. Nakuahidi pia kumfundisha mke wako kupunguza mwendo kwenye kona ya Tororo. Kwamba atanisikia, hilo siwezi kukuahidi.

Wako,
Mafabi