Neno la Siri la Mke wa Laurian

Manyoni,
Jumanne baada ya Pasaka, 2005

Mdogo wangu Zefania,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Misigiri, wewe na shemeji yangu na watoto, na kwamba ule mguu uliokusumbua tangu Krismasi sasa unakanyaga vizuri. Sisi huku tunashukuru Mungu. Mama Laurian anakohoa kidogo, ila kelele zake ziko palepale. Mvua imetuaga mapema, mtama umesimama nusu nusu, alizeti ndiyo imetutendea haki. Hayo ndiyo mazuri. Kwa yaliyobaki, tafuta kiti.

Zefania, wewe ndiye uliyekwenda kumposa Yasinta kwa niaba ya mwanangu Laurian. Ulikaa kwao ukala kuku wao, ukarudi ukaniambia, kaka, huyu binti ni mpole kama maji ya mtungini. Nami nikakuamini, kwa sababu wewe ni damu yangu. Sasa nakuandikia kama mshenga: njoo umrudishe ulikomtoa. Sitaki kusikia habari ya kuvumilia. Nimevumilia vya kutosha, na mtu wa reli mstaafu kama mimi anajua jambo likiacha njia yake.

Matata yote yameletwa na kompyuta. Laurian, si unajua yuko migodini Geita, alimtumia mkewe hela anunue laptopu, ile kompyuta ya kukunja kama begi, aache kwenda kuazima taipureta ya parokia. Yasinta huchapia shule mitihani ya majaribio, na barua za watu, na kadi za harusi. Sikupinga. Biashara siku hizi ni ya kila mtu, hata mke wa mtu. Ila Laurian aliomba nimsindikize mkewe Singida mjini, kwenye duka la Prashant, yule kijana wa Kihindi anayeuza redio na kutoa fotokopi, nikaone mali isibadilishwe njiani.

Nikaona, bwana! Prashant alitaka kuleta mashine ikiwa tayari imefunguliwa, nikamwambia alete boksi lenye gundi yake, alikate mbele ya macho yangu. Akacheka, akakata. Kisha akaanza mahubiri. Mashine isiwekwe kitandani wala juu ya blanketi, maana inapumulia chini na itaungua kwa joto. Iwekwe juu ya meza ngumu. Chai ikae mbali nayo. Umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa hasira utaiua, kwa hiyo inunuliwe pamoja na stabilaiza, kile kidude cha kutuliza umeme. Betri ijazwe kwanza kabla ya kazi. Isizimwe kwa kuchomoa waya, izimwe kwa utaratibu. Na diski ya mtu mwingine isichomekwe ovyo, kwa sababu ina virusi. Hapo nikasimama, Zefania! Nikamwuliza, virusi gani tena hivyo, na huyu ni mke wa mtu? Akanieleza kwamba ni ugonjwa wa mashine kwa mashine, watu hauwapati. Sikuridhika, lakini nikaketi.

Mwisho akamwambia Yasinta achague neno la siri, la kufungulia mashine. Bila hilo hakuna atakayeona kilichomo, hata mwizi akiibeba. Akamwambia asitumie jina lake wala la mumewe, maana hayo ndiyo watu hujaribu kwanza. Tena achague neno asilo na mazoea ya kulitaja, kwani wengi wakibonyeza huku midomo inatamka, aliye karibu husikia. Yasinta akafikiri. Akatabasamu. Kisha akanitupia jicho mara moja na kuinamisha kichwa, akageuza mashine upande wake, akabonyeza. Nikachungulia begani. Unajua niliona nini? Vidoa vyeusi tu! Hata mashine yenyewe inamsaidia mtu kuficha.

Tangu siku hiyo mimi sikulala usingizi wa baba wa nyumba. Laptopu ilikaa mezani sebuleni, sawa, kama alivyoagizwa. Lakini nikiingia tu, yeye anaifunika. Nikikohoa mlangoni, anaifunika. Nikamwuliza anafunika nini, akasema ni mitihani ya watu, Baba, mwalimu mkuu amesema ikivuja hatampa kazi tena. Nikamwambia mimi darasa la saba nilishatoka zamani. Akacheka kidogo, na akafunika.

Na kazi hiyo huletwa na nani? Na Mwalimu Anselm. Kijana mrefu, shati limechomekewa, baiskeli yake inang'aa kuliko sufuria za mke wake. Anakuja na karatasi, anakaa kwenye kiti kile cha karibu, wanasomeana kwa sauti ya chini. Mama Laurian yupo hapohapo anachambua mchele, lakini Mama Laurian anamwamini kila mtu, hata wale wauza dawa za mende.

Usiniambie kwamba binti ana heshima. Heshima za nje anazo tele, hilo silikatai. Hupiga magoti akisalimia. Na unajua kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe. Basi yeye amezidisha, hata jirani yetu mwenye kinu cha alizeti, ambaye tumeitwa jina moja, humwita Mwenye Kinu. Mtoto wa jirani huyo akitafutwa, anaitwa mtoto wa Mwenye Kinu. Nilikuwa najisifu kwa ajili hiyo mbele za watu. Sasa naona ni unga wa juu tu, chini ya gunia kuna kitu kingine.

Jumapili baada ya ibada nikaita kikao. Tulikuwa mimi, Mama Laurian, Yasinta, na Mwenye Kinu awe shahidi. Nikamwambia Yasinta alitaje neno la siri, kwa sababu ndani ya nyumba yangu hakuna mlango nisiokuwa na ufunguo wake. Akainama. Nikamwuliza ni neno gani, ni kitu, ni mji, ni jina? Akasema ni jina. La mwanamke? Akatikisa kichwa. Mama yangu! Jina la mwanamume! Nikamwuliza kama ni la mumewe, akasema hapana. La baba yake? Hapana. Ndipo nikamkazia macho, nikauliza kama ni Anselm. Akainua kichwa akasema Anselm siye, Mwalimu Anselm ana mke wake, yeye Anselm hajamfikiria hata siku moja. Alimtaja mara zote hizo bila haya, mbele ya mgeni!

Nikamwamuru alitaje basi jina la huyo bwana. Akashuka chini akapiga magoti sakafuni, akajifunika uso kwa khanga, akasema hata nikimfukuza leo, jina lile hatalitamka mbele yangu. Mwenye Kinu akaguna, akatazama kofia yake. Nami nikaona kesi imekwisha. Mtu anayemlinda mwanamume kiasi hicho, unataka ushahidi gani tena?

Jana mchana, wote wakiwa shambani, niliiwasha mwenyewe. Nikaandika Anselm kwa kidole kimoja. Ikakataa. Nikaandika Mwalimu. Ikakataa. Kwa hiyo kuna mwingine! Nimemtuma kondakta wa basi ampelekee salamu kaka yake Yasinta, yule Melkiori, aje Jumamosi amchukue dada yake. Yasinta amefunga nguo zake kwenye kitenge, na laptopu ameirudisha kwenye boksi pamoja na chaja, sawasawa kama ilivyotoka dukani. Halii. Hilo nalo linanitia wasiwasi. Laurian sijamwandikia bado. Nilitaka kwanza

Alhamisi

Zefania, naendelea. Hapo juu nilikatizwa na Mama Laurian, na nikikwambia alivyonikatiza hutaamini. Ningeweza kuchana karatasi nikaanza upya, nikajionyesha mtu wa busara. Nimeiacha ili uone mwenyewe nilivyokuwa.

Niliposema hapo juu kwamba nilitaka kwanza, nilitaka kwanza unipe shauri la namna ya kumwambia Laurian. Mama Laurian akaingia na mikono imejaa unga, akanyakua kalamu. Akasema amekaa jikoni na Yasinta tangu asubuhi, na kwamba mimi ni mjinga. Ndivyo alivyosema, mjinga, na mlango uko wazi.

Akaniuliza kama nilisikia jinsi Yasinta alivyomtaja Anselm kwenye kikao. Nikamwambia nilisikia, tena mara tatu. Akasema basi, kama angekuwa anamficha angemtaja hivyo kama anaita mbuzi? Yeye alikuwa amemuuliza Yasinta jikoni, wakiwa wawili tu, kama hilo jina angeweza kumnong'oneza. Yasinta akasema hawezi. Akamuuliza kama angeweza kulitamka akiwa peke yake njiani, hakuna anayesikia. Akasema hapo pia hawezi, ulimi wake haujawahi. Basi Mama Laurian akaacha mwiko ndani ya chungu, akakaa chini, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Maana na yeye, Zefania, ana jina moja la namna hiyo. La baba yetu. Tangu nimemwoa hajalitamka, na mzee tulishamzika.

Mimi bado nilikuwa sielewi. Naapa sikuelewa. Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka sebuleni, akaitoa laptopu kwenye boksi, akanikalisha mbele yake. Akaniambia niandike jina langu. Nikaandika Gabrieli, lile la ubatizo. Ikakataa. Nikamtazama kwa ushindi, nusura niinuke. Akaniambia siyo hilo, niandike lile la nyumbani, alilonipa bibi. Yeye mwenyewe hakulitaja, maana ananiita Baba Laurian siku zote.

Vile vitufe vimetawanyika kama kuku waliotishwa, herufi ya kwanza niliitafuta mpaka jasho likanitoka. Nikabonyeza moja moja. Vidoa vikajipanga. Nikagusa kile kitufe kikubwa cha pembeni, na mashine ikapiga kinanda chake ikafunguka.

Nilikaa pale, mdogo wangu. Mbele yangu palikuwa na mtihani wa Hisabati wa darasa la saba, swali la kwanza mpaka la tisa, la kumi halijamalizika. Nikafunika haraka, kwa sababu ni siri ya watu.

Elewa sasa. Prashant alimwambia achague neno ambalo mdomo wake hauna mazoea nalo. Na binti wa watu akapekua kichwa chake chote, akaona kwamba katika maneno yote ya dunia hii liko moja tu ambalo halitamtoka mdomoni hata kwa bahati mbaya, hata akiwa na homa. Ndiyo maana alinitazama kule dukani akainamisha macho. Na mimi nikamwita mbele ya jirani, tena jirani mwenye jina lilelile, nikamlazimisha alitamke.

Nilimfuata uani, alikuwa anapeta mtama. Nilikaa kwenye kigoda upande wa pili, kwa adabu yetu, nikasema nikiutazama ukuta. Nikamwuliza kwa nini hakusema tu kwamba neno ni jina langu, bila kulitaja. Ungo ukasimama. Akasema alijua mimi ni mtu wa kunusanusa. Angesema kwamba jina langu limefungiwa ndani ya mashine, na yeye analibonyeza kila asubuhi kwa vidole, ningesema ananiroga. Zefania, ningesema. Tena ningeita kikao kikubwa zaidi ya kile.

Nikamwomba radhi. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Akasema amesikia, Baba, lakini aliaibishwa mbele ya Mwenye Kinu, basi asafishwe mbele ya Mwenye Kinu, na kaka yake awepo. Hakusema kwa ukali. Kile kitenge bado kimefungwa, kiko karibu na mlango wake, na kila nikipita nakiona. Lakini jioni niliona ameichomeka laptopu kwenye stabilaiza, inajaza betri. Mama Laurian anasema hiyo ni dalili. Mimi nimekatazwa kusoma dalili.

Kwa hiyo ombi langu la kule mwanzo lifute. Njoo Ijumaa, kabla ya Melkiori, barua hii namkabidhi kondakta yuleyule. Njoo kama mshenga, uniombee. Wewe una mdomo mzuri, wangu umeshaharibu. Mwambie Melkiori kwamba dada yake hana doa, kwamba sisi ndio tunaomba abaki, na kwamba Mwenye Kinu nitamwita na kusema yote mbele yake kwa kinywa changu. Kama Yasinta atachukua kitenge chake baada ya hapo, nitambebea mimi mwenyewe hadi stendi, na sitajua nitamwambia nini Laurian.

Jambo moja bado. Prashant alifundisha kwamba neno likishajulikana, libadilishwe. Nikamwambia Yasinta abadilishe, sasa tunalijua watatu. Akaendelea kupeta, kisha akasema amejaribu kutafuta jingine, hajapata ambalo ana hakika nalo kama lile.

Msalimie shemeji na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Mama Laurian anakusalimu, na anasema ulichagua vizuri. Barua hii ukimaliza kuisoma usiiache mezani, na huyo kondakta simwamini sana, kwa hiyo utanisamehe kwamba, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, sitii sahihi kwa jina langu. Unalijua. Siku hizi linafungua mashine ya watu.

Ndimi kaka yako,
Baba Laurian