Bangili ya Kampuni Mkononi mwa Mama

Nyumbani kwetu, chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Wifi yangu mpendwa,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Mgongo wako vipi? Mara ya mwisho ulisema kuinama ni rahisi, kuinuka ndiyo kazi. Na yule msumbufu wenu, Kengele, bado anakataa kuvaa viatu? Sisi huku tu wazima. Mtoto ameota jino, na anataka kulijaribu kwa kila mtu.

Nianze na lile unalolingoja: Mama ni mzima. Si mzima wa kusemwa kwenye simu ili usilie, mzima kweli. Asubuhi hii amefua mapazia, akagombana na muuza mkaa, akashinda. Najua siku ile kaka yako alipokupigia akasema, "Mama yuko hospitali, lakini usijali," kisha simu ikazimika, roho ilikuruka. Ndiyo maana nimekaa nikuandikie yote, tangu mwanzo.

Unajua kaka yako anaendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala la soda. Mtoto alipozaliwa akawa hakatai ovataimu hata moja. Basi alasiri moja usingizi ukampitia akiwa kwenye usukani, ile mikono ya chuma ikaingia kwenye rundo la kreti. Chupa zilishuka kama mvua ya mawe. Mfagiaji aliyekuwa karibu aliruka pembeni, hakupata hata mkwaruzo. Lakini kaka yako aliporudi nyumbani hakula. Alikaa kitandani na buti zake miguuni, anazitazama tu.

Kampuni haikumfukuza. Ilileta bangili za mpira, kila dereva na yake. Ukilala umeivaa inapima mapigo ya moyo na hewa kwenye damu, inajua kama umelala kweli au umejinyoosha tu. Asubuhi muuguzi wa kampuni anaangalia kwenye kompyuta yake, na dereva ambaye hakulala vya kutosha hapandi mashine siku hiyo. Anapewa kazi ya kubandika lebo. Jambo jema kabisa, wifi. Ila tangu zile kreti zianguke, usingizi ulikuwa umemkimbia kaka yako. Akifumba macho anasikia chupa. Akaona bangili itamchongea, atabandika lebo mpaka waone hahitajiki tena.

Basi akafanya ujanja wake. Akamvalisha Mama.

Mimi sikujua, haki ya Mungu. Nilimwona Mama na bangili nyeusi, anamringia jirani yetu fundi cherehani: "Mwanangu kaninunulia. Inapima afya!" Alfajiri kaka yako anaichukua, eti anakwenda kuichaji kazini. Nikadhani ziko mbili, ya kwake na ya Mama. Hata wivu ulinishika kidogo, maana mimi sikununuliwa kitu.

Na kwa nini Mama? Kwa sababu nani anamfikia Mama kwa kulala? Akishakula tu, kichwa kinamwinamia. Anakoroma mpaka bati linaitikia, na mchana anasinzia tena mkono ukiwa ndani ya ungo wa mchele. Tulikuwa tunacheka, tunasema ni utu uzima. Kaka yako akaona amepata bingwa.

Wiki haikuisha, muuguzi akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Keti. Wewe unalala saa nyingi, lakini hupumziki. Pumzi yako inakatika usiku kucha. Inakatika, inakaa, moyo unashtuka, ndipo unavuta tena. Mtu wa namna hii simpandishi mashine, na simwachi aende nyumbani bila kuonana na daktari."

Muuguzi akadhani anahofia kazi, akamtuliza kwamba hali ile inatibika. Na wazo la kunyamaza lilimpitia kaka yako, hakunificha: angevaa bangili mwenyewe kuanzia siku ile, kisha angempeleka Mama kwa daktari kimyakimya. Lakini angemwambia daktari nini? Yote yaliyoonekana yalikuwa ndani ya kompyuta ile, kwa jina lake.

"Dada," akasema, "huyo si mimi. Huyo ni mama yangu."

Muuguzi alimtazama, asimgombeze. Akachukua mkoba wake. "Mama yuko wapi saa hizi?"

"Nyumbani. Amelala."

"Basi twende tukamwamshe."

Mimi nilipoona gari la kampuni linasimama mlangoni, kitenge kilinidondoka. Nikajua ni foklifti tena. Kumbe kaka yako anashuka mzima, anapita moja kwa moja chumbani kwa mama yake, anapiga magoti, anamshika mikono. Mama anashangaa: "Kwani nani anaumwa? Mimi nalala vizuri kuliko nyinyi wote!"

Hospitali wakamlaza na nyaya kichwani na kifuani. Daktari akatueleza taratibu: akilala koo linalegea, njia ya hewa inaziba, na mwili unakesha ukipigania pumzi. Ndiyo maana presha yake haikuwa inasikia dawa. Tungeendelea kucheka, alisema, moyo ungechoka kabisa. Nilitoka nje nikalia karibu na bomba la maji, nakuambia ukweli.

Sasa anayo mashine ndogo inayompulizia hewa kwa barakoa. Siku za mwanzo aligoma. "Mnataka nifanane na rubani?" Leo usiiguse. Haikoromi nyumba, presha imeshuka, na amegundua mambo yote tuliyokuwa tunafanya vibaya yeye akisinzia. Nimeshapangiwa upya jiko langu.

Kaka yako alikaripiwa na msimamizi, na alistahili. Walimshusha kwenye mashine kwa muda, ovataimu ikakatwa. Lakini muuguzi alikaa naye zaidi ya mara moja, akamfanya azungumze habari za zile kreti. Hatimaye akajikaza akamwendea yule mfagiaji kumwomba radhi. Mfagiaji akacheka: "Mimi nilikwishasahau, ndugu yangu. Wewe ndiye unayezibeba mpaka leo?" Siku hiyo kaka yako alirudi, akala, akalala na shati lake la kazi. Juzi wamemrudisha kwenye foklifti.

Nisalimie sana shemeji, mwambie redio aliyotuachia bado inaimba. Wabusu watoto, na Kengele mara mbili. Mungu akulinde, akupe mapumziko ya kweli, wewe uliyezoea kuhangaikia wengine.

Ninapokuandikia, kaka yako amelala chumbani, bangili iko mkononi mwake mwenyewe. Mama ameweka kiti mlangoni, amekaa wima, anafukuza wageni. Ameniambia niandike hivi: "Mwambie binti yangu sifi leo, nina kazi. Na wewe andika polepole, kalamu inapiga kelele."

Wako wa moyoni,
Wifi yako, mama wa mwenye jino.